Upande Wangu wa Ngitili

Milembe binti yangu, niinue, niegemeze ukutani. Maneno haya siwezi kuyasema nikiwa nimelala chali. Yakobo, kaa hapo karibu na mama yako. Salu, zima hiyo simu. Daktari wa Bariadi mmemsikia, nami sina haja ya kumbishia, kwa hiyo wanangu nisikilizeni mara hii moja, maana pumzi ya kurudia sina.

Ng'ombe mtagawana kama nilivyomweleza mama yenu, na nyumba hii ni yake. Kinachonikaba ni ngitili. Baba yangu alipofariki alituachia malisho yale yaliyofungwa, mimi na Sayi mdogo wangu, akiwa ameyakata katikati kwa mstari wa minyaa, upande huu wangu, upande ule wake, udongo mmoja, mvua moja. Nendeni mwezi wa tisa mkatazame. Kwa Sayi majani yanafika gotini, kwangu ni vumbi na miba. Watu wakienda mnadani wanasimama kumsifu yeye, halafu wananigeukia mimi kunipa pole, na hiyo pole ndiyo inayoniua, si ini.

Nimemwonea wivu ndugu yangu miaka kumi na tisa. Nasema mwenyewe msije mkasikia kwa majirani. Nikiambiwa ng'ombe wake wanakamuliwa mpaka kiangazi, nilikuwa nausukuma ugali kando. Nikasema ana dawa. Nikasema baba alimpendelea kwa kuwa mama yake alikuwa mke mdogo. Ng'ombe wa maskini hazai, ndivyo nilivyojifariji, na kumbe ng'ombe nilikuwa nao wengi kuliko yeye, na ndio hao waliokula mpaka mizizi.

Usione vyaelea, vimeundwa. Mwenzangu hufunga ngitili mvua ya kwanza inapodondoka, hafungui mpaka mwezi wa nane, tena kwa vipande, na majani yakibaki urefu wa kiganja anawatoa ng'ombe. Mimi mwezi wa sita nimeshafungua, ili watu waseme kundi la Masele limeshiba. Mwaka ule wa ukame nikafanya kosa letu la siku zote: nikachoma nyasi zilizobaki, nikitaka machipukizi yangu yamtangulie Sayi kabla ya mvua. Yakachipua kweli, kijani cha kupendeza, nikaita watu waje waone. Mvua ikakawia wiki sita, ng'ombe wakayang'oa, mizizi ikafa, udongo ukawa mgumu kama sakafu.

Sayi akaja na gunia la mashina ya majani, ameyachimba kwake mwenyewe. Akasema, "Kaka, panda haya, nitakuja tukwatue pamoja." Nikamshukuru sana. Alipopinda tu njia, nikawamwagia mbuzi. Mama yenu aliona, na mpaka leo hajanisema.

Sasa shikeni. Ngitili msiikate vipande vitatu, msiiuze, wala mtu asiilime pamba. Ifungeni misimu mitatu. Kwatueni ule udongo mkiukata mteremko, maji yatulie yasikimbie, mwageni samadi, na mvua ikishika ndipo mpande mashina. Ng'ombe punguzeni, kundi kubwa lenye njaa ni fahari ya mjinga, na mjinga huyo mnamwona. Mashina mtayaomba kwa baba yenu mdogo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mgongo wangu ulikataa, ninyi inameni. Na habari ya mbuzi mwambieni. Yakobo, utasema wewe, lakini mkishanizika. Nikiwa hai atanisamehe, namjua, na wema wake mbele ya macho yangu siuwezi.

Maji, Milembe... basi, yatosha.

Mkono haunyanyuki. Uchukueni wenyewe mjiwekee kichwani, mmoja mmoja... hivyo. Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape watoto wanaosikia. Mkae pamoja, mama yenu asilie kwa ajili yenu.

Na majani yenu yakishaota... yapimeni. Yakilingana na ya Sayi, nyamazeni. Yakizidi... hata kwa kidole kimoja... njooni kaburini mniambie.