Shangazi wa Vifaa Anaondoka, na Kiti Hakina Mtu

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, mhandisi mkuu wa Kitengo cha Kiini, ambaye ninyi nyote mnamwita Shangazi, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Anaondoka miaka minane kabla ya wakati wake, kwa sababu ya macho.

Kwa kawaida wasifu wa mstaafu katika jarida hili huandikwa na mwenzake wa kitengo. Mhariri alizunguka jengo zima akakosa wa kumpa kalamu, maana kitengo kimebaki na mtu mmoja, na ndiye huyo anayeondoka. Basi akanijia mimi. Mimi ni mama yake mzazi, na kabla miguu haijanigomea nilikuwa mpika chai wa jengo hilihili, kwa hiyo kwa namna yangu na mimi ni mfanyakazi mwenzake. Shule yangu iliishia njiani. Mhariri amenyoosha herufi, maneno ni yangu. Na kama kuna mama anayejua kumsifu mwanawe kidogo kidogo, mngemtafuta huyo.

Siku alipoajiriwa nilikuwa napita na sinia kwenye korido. Nikamwona ametoka ofisi ya utumishi na karatasi mkononi. Nikaweka sinia chini, nikapiga kigelegele mpaka mhasibu akatoka akidhani kuna moto. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, hapa ni kazini." Nikamwambia, "Ndiyo, na ni kwangu. Wewe ni mgeni." Tangu siku ile nilimpelekea kikombe cha kwanza kule chini kwenye chumba chao kisicho na dirisha, chenye feni inayolia na harufu ya vumbi lililopata moto, na sikujali nani alinuna.

Sasa niwaeleze kazi yake, maana najua wengi wenu mnafanya kazi ghorofa za juu na hamjui chini kulikuwa na nini. Taasisi yetu inatengeneza mashine ambazo daktari anatazamia ndani ya mwili wakati anapomtibu mgonjwa. Ndani ya mashine kuna kompyuta, na ndani ya kompyuta, chini ya programu zote, kuna ile moja inayoamua kifaa gani kiguse nini na kwa ruhusa gani. Hiyo ndiyo kiini. Kuna kadi moja inapokea miale, na kadi nyingine inaigeuza miale kuwa picha. Kila kadi ina kumbukumbu yake, na zinakaa bega kwa bega. Lakini zamani kadi ya kwanza ikitaka kuipa ya pili ilichopokea, lazima ikipeleke kwanza kwenye kumbukumbu kuu ya kompyuta, kinakiliwe huko, ndipo jirani akakichukue. Ni kama watu wawili waliopakana ukuta, mmoja akitaka kumpa mwenzake chumvi anaambiwa aipitishe kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana shughuli zake.

Kucheleweshwa huko kulikuwa kwa kupepesa jicho. Lakini daktari anapousukuma waya kwenye mshipa wa moyo, kupepesa jicho ni kwingi. Picha ilimwonyesha waya ulipokuwa, si ulipo. Binti yangu aliwahi kusimama kwenye chumba kimoja cha matibabu akaona mkono wa daktari ukisita na kungoja picha. Alirudi nyumbani, akakaa mbele ya sahani mpaka chakula kikapoa. Nikamwuliza una nini. Akasema, "Mama, yule mgonjwa alikuwa anamngojea daktari, na daktari ananingojea mimi."

Hapo ndipo alipoianza kazi ya maisha yake: kuziacha kadi zipeane kumbukumbu mkono kwa mkono, kiini kikisimama kama shahidi. Mkisikia hivyo mnaona ni rahisi. Wapi! Kadi mbili zikitaka kupeana, yeye kwanza anazitafutia ukoo. Zinaning'inia kwenye tawi moja la njia za ndani ya kompyuta, au kila moja ina tawi lake? Zikiwa za tawi moja, ruksa. Zikiwa za matawi mbalimbali na njia ya katikati haijulikani kama ni ya kuaminika, anakataa, ziende zikazunguke kwa mwenye nyumba kama zamani. Mafundi wenzake wakasema huyu ni kama shangazi aliyeletewa posa, hali wala hanywi mpaka ajue nani kazaliwa na nani. Jina likamkaa akiwa bado msichana wa miaka thelathini.

Mkurugenzi wa wakati ule hakuupenda ushangazi huo. Alikuwa ameagiza kompyuta za bei nafuu ambazo kadi zake zimekaa mbalimbali, na akataka zipitishwe hivyohivyo. "Shangazi, unatuchelewesha." Akamjibu, "Nachelewesha harusi, mzee, sivunji." Basi wakamzunguka, wakalifungua lile katazo lake, wakafanya jaribio. Kwanza wakapiga picha birika langu la chai, kisha wakaliondoa wakaweka kuku wa kuchinjwa. Kwenye kioo akatokea kuku mwenye mdomo wa birika. Kila mtu akacheka, na mimi nilikuwepo, nilikuja kudai birika. Mkurugenzi naye akacheka. Halafu binti yangu akauliza taratibu, "Na kama wa kwanza alikuwa mgonjwa wa asubuhi, na wa pili ni mgonjwa wa mchana?" Kicheko kikakatika kama taa iliyozimwa. Katazo likarudishwa siku ileile.

Lakini kiini si mali ya taasisi hii. Kinatunzwa na watu wa nchi nyingi wasioonana uso, wanaosomeana kazi kwa baruapepe, na hakiingii kitu mpaka wakubaliane. Kuna mzee mmoja huko kwao, mkali kama pilipili ya shamba, alimrudishia kazi yake mwaka baada ya mwaka. Mara nyingine alijibu sentensi moja tu: "Na kifaa kikichomolewa je?" Maana yake, jirani mmoja akiondolewa ghafla huku mwenzake bado anachota kwenye kumbukumbu yake, itakuwaje? Binti yangu aliumia, akalia, nikamwambia aachane na babu huyo. Akasema, "Hapana mama, babu ana haki." Akarudi chini, akatengeneza utaratibu kwamba hakuna kadi inayofunga mlango mpaka jirani yake awe ameachia kabisa. Ndipo mzee akakubali. Siku hiyo niliwatangazia wauza mboga, nikamtangazia kinyozi, nikawatangazia watu waliopanga foleni ya maji wasionijua: kompyuta za dunia zina kazi ya mwanangu ndani yake. Mmoja akaniuliza kazi yenyewe ni nini. Nikamwambia, "Wewe ukiumwa moyo utaijua."

Baada ya hapo habari si nzuri, na sitazipaka rangi. Kule chini walikuwa wanne. Mmoja alifuata mshahara kwingine, mmoja akahamishiwa mauzo, mmoja, yule mpole aliyependa chai ya rangi, tulimzika. Nafasi zao hazikujazwa. Kisha mwaka juzi binti yangu akaanza kuona doa katikati ya kila ukurasa. Pembeni anaona, katikati hakuna kitu. Daktari wa macho alimwambia ukweli, na ukweli wenyewe haukuwa na dawa.

Tangu hapo, asubuhi tukishamaliza chai, mimi ndiye ninayemsomea. Navaa miwani yangu, namsomea msimbo, yale maandishi ya programu, alama kwa alama, sielewi hata moja: nyota, mabano fungua, mabano funga, mshale. Yeye amefumba macho, vidole vinatembea juu ya meza. Siku moja nilikuwa nasoma marekebisho yaliyoletwa na mtu wa mbali, akanishika mkono.

"Rudi nyuma, mama. Hapo kati."

"Pana nini? Nimekosea?"

"Hujakosea. Yeye ndiye kakosea. Anaachia kumbukumbu kabla hajauliza kama jirani bado anaitumia."

Nikasoma tena, akanitajia herufi za kuandika, nikaandika kwa kidole kimoja. Tukarekebisha. Nasema tukarekebisha, na asiyependa ashitaki. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho.

Watu wa kiini wana sheria yao, nami nimeijua mwaka huu. Kila sehemu lazima iwe na mlezi mwenye jina, anayejibu ikiharibika. Isiyo na mlezi huachwa, na ikizidi kuharibika hukatwa, kwa sababu mlango usio na mlinzi ni hatari kuliko ukuta. Binti yangu hawalaumu. Mwezi uliopita alinitajia maneno ya kuliondoa jina lake kwenye orodha ya walezi, mimi nikiwa kwenye kibodi. Tulipofika mwisho nikasita. Akasema, "Bonyeza tu, mama. Mlezi asiyeona ni uongo." Nikabonyeza. Yule mzee mkali akajibu kwa heshima ambayo hajawahi kuionyesha, akasema angeichukua mwenyewe ila na yeye anafunga virago. Wamekubaliana kungoja hadi toleo lijalo. Mpaka ninapoandika hapa, hakuna aliyeinua mkono. Ikikatwa, mashine zitakazokuja zitarudi kuzunguka kwa mwenye nyumba, na mkono wa daktari utarudi kungoja.

Ameniomba nisiwaombe chochote. Alisema huu ni wasifu, si bakuli la sadaka. Nimemsikia. Lakini aliyemzaa ni mimi, na aibu yangu ilishazeeka. Kwa hiyo nawauliza ninyi vijana wa ghorofa za juu, na wewe uliyehamishiwa mauzo, ambaye ulikula kwangu na hujasahau njia: hakuna hata mmoja? Macho ndiyo yaliyostaafu. Kichwa hakijapewa barua. Anakaa mezani tangu asubuhi, amegeukia kompyuta iliyozimwa, na mimi kumsomea naweza, ila kumuuliza swali la maana siwezi. Anahitaji mtu anayeelewa anachokisoma. Mlango wetu ni wa kijani, chai naipika bado, na sitamwuliza mtu ukoo wake.

Taasisi inisikie nikisema asante kwa miaka hii, na wenzake walio hai na yule aliyetangulia nawashukuru kwa kumpenda. Wengine watakutakia mapumziko mema, mwanangu. Mimi nakujua, mapumziko yatakuua. Nakutakia hodi mlangoni, ya mtu mwenye macho mazima na ubishi mwingi, aje kabla hawajaikata.