Mtani Alipoteka Watoto

Shikamooni wakubwa wangu. Wadogo msiniamkie mmoja mmoja, tutakesha hapa. Marahaba kwenu wote. Mama mchungaji ameniomba nisimame mbele yenu, nami nimesimama, ila mkiona nimekaa katikati ya maneno msidhani nimemaliza. Ni miguu tu.

Wengi mnanijua, mimi ndiye Mama Kulwa wa kule karibu na stesheni. Nitawaeleza Jumamosi moja ya miaka ya nyuma na Jumapili yake, basi. Majina ya watu sitataja. Kuna mmoja amekaa pale mlangoni, si wa dini yetu, amekuja kwa sababu nilimsihi. Ana mjukuu mgongoni na mwingine anamvuta khanga. Huyo ni mtani wangu, Mzaramo. Wee Mzaramo, mla nazi, leo umeingia kanisani, utaungua!

Mnaona? Hajibu. Haya, tuendelee.

Baba watoto yuko gangi la reli, kule Usinge, anashindilia mawe chini ya mataruma. Mwingereza wa reli hajui Jumapili wala sikukuu, na baba watoto akipewa ruhusa ya kuja nyumbani, anakuja kulala. Simlaumu. Mimi nilibaki hapa mtaani Ng'ambo na watoto wanne. Wa kwanza wa kiume, alikuwa hajaanza shule na hakai mahali. Wa pili wa kike, huyo alikuwa anakula udongo, ukimtoa huku anaula kule. Halafu Mungu akanipa mapacha, wasichana, Kulwa na Doto kama desturi yetu ilivyo. Walifanana, jamani, mpaka mimi niliyewazaa nilichanganyikiwa. Nikamfunga Kulwa uzi mweusi mkononi. Baba yao akija alikuwa anatazama mkono kwanza, ndipo anamwita mtoto jina.

Siku za katikati ya juma nilijikokota hivyo hivyo. Kazi ilikuwa Jumamosi. Kwa kuwa tuko karibu na stesheni, ndugu wote wa mume wangu wa Goweko wakija sokoni na kusali, fikio ni kwangu. Wanashuka na vikapu vya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kuku waliofungwa miguu. Mama mkwe, mawifi, na mtu mwingine ambaye hata sijaambiwa ni nani. Walikuja na moyo mzuri, sitawasingizia. Lakini mgeni ni mgeni, na mkamwana ni mkamwana. Maji ya kuoga niyateke kisimani mimi, mahindi nitwange mimi, ugali nisonge mimi, na nguo za kanisani nifue, nianike, nipige pasi ya mkaa, huku wawili wananing'ang'ania miguuni na wawili wananyonya. Wenyewe wamekaa mkekani wanasema, "Hebu lete mtoto tumwone." Wanambeba, wanamchekea, akilia wananirudishia.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema? Nani hapa anamwambia mama mkwe wake chukua debe ukateke maji? Anyooshe mkono tumwone.

Na ninyi wenyewe mlikuja. Akina mama wa kanisa hili mlipiga hodi kwangu mkasema, tumekuja kukusaidia kufua. Nikawajibu mlangoni, "Aa, nimeshamaliza, sina shida." Karai limejaa winda nyuma ya mlango! Niliogopa mtasema mke wa fulani ameshindwa na watoto wake. Basi mkaondoka, nami nikarudi kwenye karai langu.

Jumamosi hiyo ninayoisema, sikuwa nimelala. Asubuhi nawaogesha mapacha, ule uzi wa Kulwa ukakatika kwa sabuni, ukaenda na maji. Nikajiambia nitafunga mwingine nikimaliza uji. Nikamaliza uji, nikakuta mahindi. Nikamaliza mahindi, wageni wakaingia. Mtoto akalia nikamnyonyesha, akalala. Akalia tena nikajua huyu sasa ni mwenzake, nikamnyonyesha. Nikamweka huyu, nikamchukua niliyedhani ni yule, nikamfunga mgongoni nikaenda kisimani, nikarudi, akalia, nikamnyonyesha.

Ndugu zangu, nawaambia mniamini. Tangu asubuhi mpaka jua linapinduka nilinyonyesha mtoto mmoja.

Mwingine alilia asubuhi, wakanirudishia, nikamlaza ndani nikakimbilia chungu kilichokuwa kinafurika. Halafu akawa analia kidogo kidogo. Halafu akanyamaza. Nami, hili linaniuma mpaka leo, nilipoona amenyamaza nilimshukuru Mungu. Nilisema, afadhali mmoja ametulia.

Nipeni kile kigoda nikae. Asante, mwanangu.

Alasiri ndipo akaingia mtani wangu. Wazee wanaujua utani wetu na Wazaramo, ni wa tangu misafara: babu zetu walilala kwao wakishuka pwani, wakauguzwa huko na wengine wakazikwa huko. Mtani hapigi hodi. Yeye ni jirani yangu, anakaanga vitumbua, mumewe aliletwa huku na reli. Alikuwa anaingia kila siku kuchota chumvi yangu na kunitukana kidogo, namtukana naye, tunacheka, anakwenda zake.

Siku hiyo akaingia akasema, "Wanyamwezi bado hamjafa tu? Na huo moshi ni wa kupika au mnajichoma wenyewe?"

Sikumjibu. Niliinua macho nikamtazama, nikarudi kutwanga. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa. Mtani ukimtukana akakaa kimya, huyo ni mgonjwa.

Akapita moja kwa moja chumbani. Akatoka na mtoto mikononi, na hakuwa anacheka.

"Huyu amenyonya saa ngapi?"

"Sasa hivi," nikamwambia.

"Uliyemnyonyesha sasa hivi ni huyo aliyeko mgongoni kwako. Huyu midomo imemkauka. Mtazame, mama, mtazame!"

Nikatazama mkono wa mtoto. Hauna uzi. Nikapeleka mkono mgongoni nikapapasa mkono wa mwingine. Nao hauna uzi. Sikujua nimembeba nani. Mimi mama yao. Mchi ukaniponyoka nikakaa chini pale pale penye kinu, nikampokea mtoto nikampa titi. Hakuvuta. Alifungua kinywa tu, na kichwa chake kilikuwa kinalegea huku na huku. Nilipiga ukelele, sijui niliita nini.

Mtani akapiga magoti. Akasema, "Nyamaza, kamua." Nikakamua kwenye kijiko, yeye akawa anamdondoshea mtoto ulimini, tone moja anasubiri, tone lingine anasubiri. Na huku anamsemesha, "Meza, mwanangu. Meza, usinitie aibu mbele ya Wanyamwezi hawa." Matone ya kwanza yalitoka pembeni ya mdomo. Tukadondosha tena. Maziwa mengine yakamwagika magotini kwangu. Hatimaye koo la mtoto likacheza. Akameza. Baada ya muda nikampa titi tena, akalishika, akavuta kidogo, akapumzika, akavuta. Hapo ndipo nililia, nikalia na kilio cha miezi yote.

Nilipotulia nikawatazama wote wawili vizuri, nikajua: yule alikuwa Doto.

Sasa sikilizeni alichofanya huyu mwanamke. Alisimama, akanifungua Kulwa mgongoni akamfunga mgongoni kwake. Akawashika wale wakubwa wawili mikono. Akasema, "Hawa nimewateka. Utawakomboa kesho jioni."

Nikamwambia, "Mwenzangu, kesho kanisani, nguo sijapiga pasi, maji yamekwisha, wageni hawajala!"

Akageukia mkekani, walipo wakwe zangu. "Na ninyi! Babu zenu walibeba pembe za tembo kutoka hapa mpaka kwetu pwani. Wajukuu wao mmeshindwa na debe la maji kutoka hapo kisimani? Au upagazi umewaishia?"

Weee! Nilifumba macho. Nilijua leo ndoa yangu imekwisha, mama mkwe atafunga vikapu vyake na kurudi Goweko na habari zangu. Halafu nikasikia mtu anacheka. Mama mkwe! Alicheka mpaka anajifuta machozi kwa pindo la khanga. Angefanya nini? Mtani hakasirikiwi. Akasema, "Mzaramo wee, uliyezaliwa unacheza ngoma, wewe ndiye wa kutufundisha kazi?" Na huku anasema hivyo anainuka, anajifunga kibwebwe, anachukua debe. Wifi yangu akaokota mchi. Lile nililoshindwa kulisema tangu nilipoolewa, mtani alilisema kwa pumzi moja, na hakuna aliyenuna.

Jioni mama mkwe alikuja kukaa kitandani nilipolala na Doto kifuani. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, kwa nini hukusema?"

Nikamjibu, "Ningesemaje, mayu, mama yangu?"

Akampapasa Doto kichwa. Kisha akasema, "Kweli. Usingesema." Akanifunika.

Jumapili kengele ya kanisa niliisikia nikiwa nimelala. Waliokwenda kusali walikwenda na nguo zenye makunyanzi, na hakuna aliyekufa. Doto alinyonya, tukalala, akanyonya, tukalala; Kulwa mtani alimleta kunyonya tu, kisha akaondoka naye. Jioni nikaenda kukomboa watoto wangu. Wale wakubwa niliwakuta midomo inang'aa mafuta ya vitumbua. Mtani akadai kikapu kizima cha michembe, akaila mbele yangu, akasema inafanana na kuni. Halafu akaniambia kila Jumamosi atawateka, nisijisumbue kumkatalia. Na kila Jumamosi aliwateka, mpaka mapacha wakajua kukimbia wenyewe kwenda kwake.

Sasa nashukuru. Namshukuru Mungu aliyemweka yule mwanamke jirani yangu. Namshukuru mama mkwe, ambaye toka siku ile akishuka kwenye treni anauliza debe liko wapi. Nawashukuru ninyi mliorudi tena na tena mpaka nikawafungulia mlango na karai mkaliona. Nimechoka bado, nisiwadanganye. Kulea kunachosha, na wageni wa Goweko wangali wanakuja. Lakini sasa ninachoka na wenzangu.

Nililojifunza ni hili. Mtu akinyamaza usiseme ametulia. Ingia ndani umtazame midomo.

Nalisema kwa sababu. Mtani wangu binti yake anaumwa, yuko kitandani huko hospitali, na wajukuu wote wako juu yake yeye peke yake. Hajalala, mtazameni macho. Juzi nilikwenda kumwuliza, akanijibu kwamba hana shida. Jana nikamtukana vizuri kabisa, tusi la kwao hasa, hakunijibu. Na leo nimemtukana hapa mbele yenu nyote, mmesikia wenyewe. Kimya.

Kulwa, njoo. Doto, mwanangu, acha kujificha nyuma ya mwenzako, wewe ndiwe ninayekutaka. Nendeni pale mlangoni. Kulwa amshike mkono huyo mkubwa. Doto, mfungue huyo mdogo mgongoni, taratibu, mshike kichwa. Hivyo hivyo.

Mzaramo, usiinuke. Umetekewa. Nenda nyumbani ukalale, na kesho jioni uje na vitumbua, ndipo utawapata.