Rangi ya Haraka Juu ya Rangi ya Mafuta

Sogeeni, wanangu. Thea, zima hiyo redio, bei ya ngano haitapanda kwa sababu mimi nasikiliza. Na wewe Lindsay, acha kusimama mlangoni kama mtu aliyeleta barua. Njoo ukae hapa, maana mengi ya leo ni yako na pumzi yangu haifiki huko.

Shamba la juu ni la Thea, pamoja na matangi ya maji na nyumba aliyofia mama yenu Gwenda. La kando ya kijito ni la Lindsay, na kondoo wote, isipokuwa yule dume mkorofi: mchinjeni siku ya mazishi yangu, nyama yake iwachoshe meno wale watakaokuja kula tu. Hayo wakili anayo. Asichonacho ni habari ya trekta la babu yenu, na hilo ndilo lililonikaa kifuani.

Lindsay, Jumapili uliniambia umetoka kutengeneza uzio. Nikakushika mkono, mkono ukanuka tina, ile ya kuzimulia rangi. Mwanangu, nimepiga rangi mashine miaka hamsini. Waya wa uzio haunuki hivyo. Jumatatu simu ikalia, na aliyepiga ni Ervin, ndugu yangu wa tumbo moja, ambaye hatujasemezana miaka thelathini na moja.

"Clarrie, bado upo?"

"Nipo. Unataka nini?"

"Mwanao kaja kuazima kompresa yangu. Anapuliza ile rangi ya gereji za magari, ya kukauka haraka, juu ya rangi ya mafuta uliyolipaka trekta wewe. Eti awahi mnada wa Jumamosi. Nimemwambia ngoja, hasikii. Safari ile nilinyamaza, Clarrie. Safari hii sinyamazi."

Mnada! Mimi bado napumua, na mwanangu analipamba kwa wanunuzi trekta aliloniahidi litanibeba kwenda makaburini. Uliahidi, Lindsay, mkono wako ukiwa juu ya shuka hii hii. Kikulacho ki nguoni mwako: nimeisikia tangu utotoni, sikujua nguo yenyewe ni shati nililokununulia mimi. Imeniuma. Nasema wazi, imeniuma kuliko huu ugonjwa.

Mnajua tulichonuniana mimi na Ervin? Mji ulipotimiza miaka mia nililipaka trekta lile kwa ajili ya gwaride, na kwa kuwa nilikuwa nimechelewa, juu ya rangi ya mafuta nikapuliza ya haraka. Ervin alisimama pale na kikombe chake cha chai, anayaona makopo yote mawili, na fundi ni yeye. Hakutia neno, kwa sababu trekta lake lilikuwa linashindana na langu. Asubuhi boneti nzima ilikuwa imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, mama yenu akalia ndani ya gari. Nilikwangua miezi mitatu, peke yangu, nikalipaka upya kwa rangi ya mafuta tupu.

Basi sikilizeni, maana haraka haraka haina baraka. Rangi zina ukoo. Ya chini, ya juu na tina ya kuzimulia zitoke ukoo mmoja, na mkiweza, kwa mtengenezaji mmoja. Kabla ya kupuliza, lowesheni kitambaa kwa tina ya rangi mpya, msugue chini ya kiti pasipoonekana. Rangi ya zamani ikilainika au ikiinuka, acheni, msiibembeleze. Tina kali hupenya chini kimyakimya huku juu panang'aa, halafu panafumka pote. Usiulize duka lina rangi gani, uliza chuma kimevaa nini.

Trekta haliendi mnadani. Boneti imeshajikunja, sivyo, Lindsay? Usinijibu, naiona shingo yako ilivyoinama. Lisiguswe. Mnibebe nalo hivyo hivyo lilivyo. Kila atakayesimama barabarani siku hiyo ni mtu wa matrekta. Ataisoma boneti, ajue kuna aliyefanya haraka, kabla hajavua kofia. Na aendeshe Ervin. Mpigieni aje leo... kama miguu inamchukua.

Thea, maji... Tone tu. Inatosha.

Mkishanizika, trekta ni lako, Lindsay. Thea, usigune, nimesema ni lake. Ulikwangue kwa msasa, kwa mkono wako, mpaka kwenye chuma kitupu. Ervin akae pembeni na chai yake, na akiona kosa, aseme.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Mlangoni mwenu pasikauke wageni. Msinuniane... miaka thelathini na moja ni mingi, wanangu, mingi mno.

Unauliza kama nimekusamehe? Bado. Ukifika kwenye chuma... nitakuwa nimeshakusamehe.

Nipe huo mkono. Bado unanuka. Usiuondoe.