Mzee Kaa Hivyo Hivyo

Ndugu, majirani na marafiki mliopanda ngazi zote hizi katika manyunyu haya, mnayosomewa ndiyo maisha ya mzee wetu kama mkewe alivyoyaandika, mwanamke aliyeishia darasa la pili, ambaye ameagiza kila neno lisomwe kama lilivyo, asitokee msomi wa kulipaka poda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1944, katika chumba kilicho nyuma ya nyumba ya kufulia ya hoteli kubwa ya juu, mama yake akiwa mfua shuka, na inasemekana siku hiyo haikupatikana nepi kavu hata moja, kwa kuwa katika mji huu wa mlimani jua ni mgeni wa dakika kumi, hukataa hata kukaa. Alianza shule ya msingi mwaka 1952, ile iliyo jirani na stesheni, akamaliza mwaka 1959, hesabu zikiwa zimempita bila kusimama, ila kwa kuchora hakuwa na mpinzani.

Januari 1961 aliajiriwa hotelini kubeba mizigo ya wageni, mwaka uliofuata akachukuliwa na mpiga picha wa hoteli, mtu wa maneno mengi na vidole vyenye harufu ya dawa, aliyemfundisha kusafisha picha katika chumba cha giza, na mwezi Machi 1966 akafungua studio yake kando ya ngazi za soko la chini. Huko alimpata mkewe, mshona sare wa hoteli, aliyekwenda kupigwa picha ya kitambulisho, akaambiwa acheke, akajibu, "Nicheke nini, kwani umenichekesha?" Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba mwaka huo huo, wakajaliwa watoto watano, wanne wako hapa mbele yenu.

Wa kwanza, binti aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1967, mmezoea kuambiwa kwamba aliteleza. Kwa karibu miaka arobaini na minne familia hii imesema aliteleza, na leo mke wa marehemu amekataa kumzika mtu pamoja na uongo. Jumamosi tarehe 21 Juni 1975, saa nne asubuhi, marehemu alikuwa na kamera mpya, akamsimamisha binti yake kwenye baraza la nyuma la hoteli, lililo juu ya genge, mtoto akiwa na sweta ya manjano aliyofumiwa na mama yake, vyuma vya ukingo vikiwa vimeng'olewa vikapakwe rangi, na mawingu yamejaa mpaka sakafuni, meupe, yamesimama kama ukuta uliopigwa chokaa. Marehemu, jicho likiwa kwenye kamera, akamwambia, "Mama, rudi nyuma kidogo." Akapiga. Akamwambia, "Kidogo tena." Alipoinua uso aliona mawingu tu. Mtoto hakuteleza. Alikuwa mtoto mtiifu.

Tangu siku hiyo marehemu hakumwambia tena mtu yeyote asogee, ageuke wala acheke, alisema tu, "Kaa hivyo hivyo," na mji ukampa jina hilo kwa mzaha. Aliacha harusi, akaacha wageni wa kujipanga, akawapiga picha watu walivyo, fundi viatu uzi ukiwa mdomoni, wafua shuka wakigombana na mvua, mpishi akivuta sigara mlango wa nyuma, hata wageni waliokuja kuuona mlima wakaona mawingu wiki nzima walirudi kwao na picha ya fundi viatu. Na kila picha ilikuwa na nafasi tupu upande wa kushoto, upana wa mtoto. Fundi viatu alimuuliza, "Mzee, hapa umemwachia nani, mkwe wako?" Marehemu akajibu, "Kuna mtu anakuja." Fundi hakuuliza tena, na mawingu yakishuka barabarani alikuwa akihamisha kigoda chake upande wa kulia bila kuambiwa.

Kamera ya siku ile marehemu aliiweka kabatini, mkanda ukiwa ndani, hakuusafisha, hakuugusa, ila kila Juni aliipangusa vumbi. Asichokijua mtu hapa ni kwamba tarehe 2 Agosti 1975, siku pekee ya jua mwezi ule, mkewe aliitoa, akaifungua mgongo dirishani, akauacha mkanda uungue kwa mwanga, akaifunga na kuirudisha, kwa sababu aliona aliyemrudisha mtoto nyuma hana haki ya kubaki na sura yake. Hasira ile iliisha. Mkanda haukurudi.

Novemba 2018 marehemu alianza kuugua mapafu, akalazwa wodi ya juu, kitanda cha dirishani, wingu likimchungulia kutwa. Tarehe 4 Machi 2019, baada ya chakula cha mchana, alimwomba mkewe amletee ile kamera, mkewe akaona sasa maji yamefika shingoni, akamwambia, "Baba watoto, humo hamna kitu. Mkanda niliuunguza mwenyewe."

Akasema, "Najua. Ukifungua mgongo namba ya picha hurudi sifuri, na mimi niliiacha kumi na tisa. Niliiona wiki ile ile."

"Na ukaninyamazia miaka yote hiyo?"

"Nikaona basi, tuko wawili humu ndani."

Aliletewa, akailaza kifuani, hakuifungua. Alifariki tarehe 6 Machi, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na minne, uso ameugeuzia kushoto.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya juu, majirani waliokesha nasi, wafua shuka wa hoteli, na fundi viatu, ambaye leo amefunga kibanda kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Kwenu wapiga picha wenzake tuna ombi moja: tukifika kaburini msimwambie mtu arudi nyuma. Mkikosa nafasi rudini ninyi, na mtazame mnapokanyaga. Upande wa kushoto acheni wazi kidogo.

Kamera tumemlaza nayo, namba iko sifuri. Pumzika, Baba watoto. Kaa hivyo hivyo, anakuja.