Nilifungua Simu, Wakasikia Siri ya Jirani

Ndugu zangu, niacheni niseme nimesimama, nikikaa sitamaliza. Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano nikawalea wadogo zangu pale kijijini Buger. Hilo mnalijua. Hili la leo hamlijui lote.

Simu yangu ya tachi ilikuwa ya majirani pia. Wasiojua kuandika walikuja kwangu, wakarekodi sauti kwa Kiiraqw, watoto wao walioko Loliondo na Arusha wakasikia. Mdogo wangu alinieleza kwamba ujumbe ule umefungwa, hata wenye mtandao hawawezi kuusikiliza. Nikawaambia majirani, "Semeni tu."

Siku moja afisa wa polisi akaniita ofisini. Alimtafuta aliyesambaza picha za mgogoro wa ardhi Loliondo, na simu yangu ilijulikana kutuma ujumbe huko.

"Dada, kama huna cha kuficha, fungua."

Kweli sikuwa nacho. Nikaweka kidole. Nawaambia, ilikuwa rahisi hivyo.

Picha hakuzikuta. Akaanza kufungulia zile sauti, moja baada ya nyingine, na watu wamejaa kwenye benchi, wengi wao Wairaqw. Ikatoka sauti ya mama jirani yangu akimweleza binti yake ugonjwa ambao hata mumewe hakuujua. Wote wakasikia.

Mama yule hakuja tena kwangu. Nilipomsalimu bombani alijibu, "Marahaba, redio ya kijiji." Wenzake wakacheka. Nikajitwika ndoo nikaondoka.

Nikaacha hata kuja ibadani. Msaidizi wa kisheria wa kata yetu akanifuata nyumbani. Akasema, "Serikali ina kazi ya kukamata wahalifu, sikatai. Lakini simu ya mtu ina utaratibu wake. Omba kuona amri ya mahakama."

Afisa akaniita tena.

"Afande, naomba kwanza nione amri ya mahakama."

"Wewe umesoma mpaka wapi?"

"La tano, afande."

"Na la tano wanafundisha mahakama?"

"Hapana. Nimefundishwa na aibu."

Akanikalisha hadi jua likazama. Niliwaza wadogo zangu watakula nini. Lakini sikufungua simu. Mwisho akasema niende.

Nyumbani nikakuta moshi jikoni. Mama yule alikuwa amesikia nimezuiliwa kwa kukataa kufungua simu, akaja kuwasongea wadogo zangu ugali. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kaa ule."

Namshukuru yeye, namshukuru na yule msaidizi. Ndugu zangu, ukiambiwa huna cha kuficha, jiulize wenzako wamekuwekea nini. Amri halali ikija, itii. Isipokuja, usiwe mwepesi kama mimi. Nikipishana na mama yule bado natazama chini. Niombeeni.