Waya Zilizofungwa kwa Mkono

Kijiwe cha mtaa wa Rugenge, kando ya ziwa, kina benchi moja, nayo ina miguu mitatu na tofali. Iko mbele ya jiko la Mama Kankindi, muuza kahawa, na ng'ambo ya barabara kuna kituo cha afya. Anayekaa upande wa tofali haruhusiwi kucheka sana, ndiyo maana pale hukaa Protais, fundi wa umeme, mtu asiyecheka hata kwenye harusi. Kijiwe kilimbatiza Ampère. Katikati hukaa Octave, aliyefundisha jiografia mpaka shule yake ikajaa wakimbizi. Yeye wanamwita Préfet, kwa kuwa huongea kana kwamba wilaya nzima inamsubiri atie sahihi. Pembeni ni Thierry, au Fréquence, ambaye redio yake ndogo haijatoka sikioni tangu vita virudi milimani. Mama Kankindi hupika birika moja tu kila asubuhi. Likiisha, akili za mtaa nazo hufungwa.

Asubuhi hiyo Protais alikuwa ameshika kikombe chake bila kunywa. Binti yake Consolée alikuwa ameingia kituoni tangu alfajiri, kwa uchungu wa mimba ya kwanza. Chumba cha kuzalia kiliwahi kuwa na dirisha, ila tangu risasi ilipopita pale mwaka uliotangulia waliliziba kwa matofali, na sasa hata mchana ndani ni giza la kwenye gunia. Kuna taa moja, ya nguvu ya jua, na jana mvua ilipoanza tu, taa hiyo ilikufa. Aliyeifunga ni Protais mwenyewe. Kijiwe kizima kilijua hivyo, na kwa heshima yake kilikuwa kinatafuta mkosaji mwingine.

— Ni batri, — Fréquence alianza. — Imezeeka.

— Batri ni ya mwaka jana, — Protais akasema.

— Mu vita mwaka moja ni kumi. Angalia mvi zangu.

Préfet akatikisa kichwa kwa huruma, kama alivyokuwa akiwatikisia wanafunzi wa mstari wa nyuma.

— Hapana, Fréquence. Ni ziwa. Usiku simama pale ku muchanga, angalia ng'ambo. Bujumbura iko nawaka yote. Courant, ule umeme, ni sawa maji, inashuka kwenye kuko kiu mingi. Bazee balisema: maji yakimwagika hayazoleki.

— Ile balisema juu ya maji, — Fréquence akapinga.

— Na minye niko naongea juu ya nini?

Mama Kankindi akamimina kahawa bila kuwatazama.

— Nyinyi wanaume munaangaliaka mbali. Waya mwekundu na waya mweusi, ile ni bwana na bibi. Ampère alibaweka nyumba moja. Mahari ilitoka? Wazazi balikaa chini?

— Haikutoka, — Préfet akakiri.

— Basi mutoto mwenye kuitwa mwangaza atakaa namna gani?

Fréquence akashusha sauti ya redio. Hilo hulifanya tu anapotaka kusema jambo la usalama wa taifa.

— Sasa niseme yenye nilikuwa naficha. Ni phonie za basoda, redio zabo za kuitana. Kila mara beko naita benzao ba Bijombo kule milimani, taa yetu inapunguka. Phonie inakunywa.

— Uliona na macho? — Préfet akauliza.

— Nilisikia na masikio. Na iko ingine. Courant yenyewe inaogopa. Bunduki ikilia kule juu, inatoka mu waya, inakimbia. Sisi tuko déplacés, bakimbizi, juu ya nini courant isikuwe déplacé?

Hoja hiyo ilimfanya Mama Kankindi ashushe birika. Ilikuwa na haki ndani yake. Préfet ndiye aliyeiokoa sayansi.

— Kiboko, — alisema. — Anatoka mu ziwa usiku, anapita hii avenue, anajikuna mugongo kwa ukuta wa kituo. Kisha analamba waya. Kiboko anapenda chumvi, na waya yote ya Ampère iko na jasho ya mukono wake. Mchumia juani hulia kivulini.

— Nani anachumia juani, kiboko ao Ampère? — Mama Kankindi akauliza.

— Panneau ya jua, ile ya ku paa.

Protais akaona kwamba kukaa kimya zaidi kutamuumbua. Akakohoa.

— Ni humidité, — alisema. Neno hilo la Kifaransa la unyevu alilitamka polepole, kwa heshima zote, na benchi likaitikia kwa kichwa. Lakini moyoni alijua vizuri sababu ya taa kufa. Alimwogopea mtoto wake. Na aliona haya, haya ya mtu mzima, ambayo haina pa kuiweka.

Ndipo Mama Léocadie, mkunga, akavuka barabara. Kwa mkono mmoja alibeba sanduku la plastiki lililokuwa ukutani nje ya kituo, lile ambamo waya za paa na za taa hukutana na waya za batri. Kwa mwingine alishika pakiti ndogo. Akaliweka sanduku kwenye benchi, upande wa Protais. Maji yakatoka kwenye pembe yake, yakamlowesha Préfet suruali.

— Papa Consolée, habari ya asubuhi. Nimegusa tu, ikatoka yote mu mukono.

Akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na mafundo manne, kila moja limezungushiwa kipande cha sashe, mfuko mweusi wa plastiki. Akabandua moja kwa ukucha. Waya zilikuwa zimesokotwa kwa vidole, na shaba yake ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

Mama Kankindi aliinama, akaiangalia sashe, akainusa.

— Iyi si sashe yangu ya chumvi?

Protais alitazama barabara. Siku ile alipokuwa anazifunga kwa mara ya mwisho, mvua ilikuwa inakuja, utepe wa mafundi ulikuwa umeisha, na sashe tupu ilikuwa inapeperuka karibu na jiko hili hili. Ilikuwa tupu kwa macho tu. Punje zilizobaki zilikutana na unyevu wa ziwa, zikakaa mle ndani msimu mzima zikila shaba taratibu.

— Muache kumuhukumu, — Préfet akasema. — Chumvi inatunzaka samaki miezi sita. Ampère alitaka courant isioze. Samaki mkunje angali mbichi.

— Jana, — Mama Léocadie akasema, na hakumwangalia Préfet hata kidogo, — nilimuzalisha mwanamuke wa kule juu na telefone ya kumulika kati ya meno. Mikono yangu mbili ilikuwa na kazi. Sikuweza hata kumuambia sukuma. Consolée eko sentimetre sita, njia inafunguka. Mvua iko nakuja tena. Papa Consolée, hizi unazijua?

Akafungua pakiti. Zilikuwa domino, vile vipande vyeupe vyenye matundu na skrubu, kila waya na tundu lake.

— Zilikuja na panneau, — akaendelea. — Weye njo uliniambia: «Mama, weka mu tiroir ya meza. Siku ya amani nitazifunga.» Nimeziweka miaka mbili.

Fréquence akazima redio kabisa. Watu wa kijiwe hawakukumbuka lini tendo hilo lilitokea mara ya mwisho.

— Kufunga najua, — Protais akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa chini. — Miaka kumi na moja nilifunga motere za kiwanda cha sukari, hakuna hata moja ilikufa kwa waya. Lakini mukumbuke ile siku ya kwanza. Risasi zilikuwa zimefika Kavimvira, hapa jirani. Waya yenye kufungwa na mukono, unazungusha mara tatu, imetoka. Unabeba panneau ku kichwa, unaenda. Domino ni visi minane, zile skrubu. Inaomba tournevis ya kuzikaza, inaomba mwangaza, inaomba mikono yenye haitetemeke. Mara tatu tulikimbia na ile panneau. Mara tatu ilirudi. Consolée mwenyewe alibebaka batri ku mugongo kufika ku mupaka wa Burundi. Kituo kingine, sitaitaja, fundi wabo alifunga vizuri. Vizuri sana. Bantu ba bunduki balikata waya na panga, bakaenda na panneau, na mabati ya juu yake.

— Umesikia, mama, — Préfet akadakia. — Fundi wa kweli ni mwenye kufungua.

— Nimesikia, — Mama Léocadie akasema. — Nilikuwa nyuma yake, nilibeba maboksi ya dawa. Simukatalie. Lakini panneau yenye kurudi mara tatu haikuwasha taa jana.

Akageuka, akavuka barabara kurudi kwa mgonjwa wake. Protais akabaki na sanduku magotini. Benchi zima likatazama vidole vyake, vile vidole maarufu vilivyofungua waya gizani mara tatu, na Protais akaviona vimezeeka. Kisha akatoa bisibisi mfukoni.

— Mama Kankindi, nikopeshe moto.

Akachukua msumari, akauweka kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu, akatoboa matundu mawili chini ya sanduku ya kupitisha waya, na la tatu dogo pembeni.

— Hiyo ya mwisho ni ya nini? — Fréquence akauliza.

— Boîte, hii sanduku, nayo inatoka jasho. Lazima jasho ipate njia. Na waya ziingie kwa chini. Minye nilikuwa nimezipitisha juu, mvua ikafuata waya sawa ngazi, ikaingia. Zitashuka chini ya boîte kwanza, zifanye tumbo, kisha zipande. Maji itaanguka pale kwa tumbo.

— Kidole kimoja hakivunji chawa, — Préfet akaeleza, kwa faida ya wote.

Tundu la zamani la juu akaliziba kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Akakata waya za batri, akatupa kijani, akakata tena mpaka shaba ikatokea nyekundu na safi. Akamenya ngozi yake urefu wa ukucha, hakuzidisha. Akaingiza waya wa kwanza kwenye tundu lake, akakaza skrubu. Kisha akaushika, akauvuta kwa nguvu.

— Unaivuta tena? — Mama Kankindi akashangaa. — Si umetoka kuifunga?

— Yenye haivutwe haijafungwa.

Waya ukakaa. Akafunga wa pili, akauvuta. Ukakaa. Hakuna aliyetoa nadharia. Kuna kazi ambazo zikifanywa vizuri mbele yako, unaona aibu kusema uongo, hata kama wewe ni Préfet.

Alikuwa amefika skrubu ya nne, zikibaki nne za waya zilizoachwa ukutani, mama mmoja aliposimama mbele ya jiko. Alikuwa na kitenge kilicholowa matope mpaka magotini na furushi kichwani. Alisema anaitwa Niyonsaba, ametoka Mutarule kwa miguu, siku ya pili sasa, na usiku alilala kwenye uwanja wa kanisa. Mama Kankindi akampa kikombe bila kuuliza habari ya bei. Yule mama akanywa amesimama, akamtazama Protais anavyokaza, anavyovuta, anavyokaza tena kidogo. Alimtazama muda mrefu.

— Ba baba, muniwie radhi, — akasema. — Kwetu hatufungake kitu tena hivyo. Hata mulango tunafunga na kamba. Minye niko natafuta fasi yenye bantu bake hawatakimbia tena. Ile fasi njo hapa?

Fréquence akatafuta kitufe cha redio, asikione. Nyumbani kwake, nyuma ya mlango, kulikuwa na begi lililofungwa tangu mwezi wa nane. Préfet akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze hakuna methali iliyotoka. Yeye vyeti vyake vya ualimu hulala navyo, amevishona kwenye mto. Mama Kankindi akainua birika, akalitikisa, akalirudisha. Lilikuwa tupu.

Niyonsaba alikuwa bado anasubiri. Hakuwa anawasuta. Alitaka tu kujua kama anaweza kushusha furushi.

Ng'ambo ya barabara, ndani ya chumba kisicho na dirisha, Consolée alipiga kelele. Ilikuwa ndefu, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga mabati.

Protais akasimama ghafla, na benchi likayumba kwenye tofali lake. Akalikumbatia sanduku kifuani, bisibisi kati ya meno, kisha akaitoa ili aweze kusema.

— Mama, minye sijue, — akamwambia. — Kesho sijue. Lakini ule mutoto wangu, leo hawezi kukimbia.

Akavuka barabara kwenda kufunga skrubu nne zilizobaki.