Geuza Mgongo, Atakuita

Benchi langu lina miguu mitatu mizima na wa nne ni tofali. Mimi nauza kahawa. Wananiita Shangazi, na kulipa wanalipa wakikumbuka. Dereva ana teksi, huiegesha mbele ya duka la dawa ili aione akiwa anakunywa. Redio alistaafu ukarani, mdomo ukabaki kazini. Fundi anashona viatu, na siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka nchi ya watu, alikokwenda kumwona dada yake, yule aliyemlea, mgonjwa mahututi. Amerudi amemzika. Nikadhani watampa pole wanyamaze. Wapi!

— Kwa hiyo hukumkuta hai? Redio akauliza.

— Nilikuta wameshamfunika.

— Ndege ilichelewa?

— Ndege iliwahi. Nilichelewa mimi, nje ya uwanja. Nilikuwa napatana nauli.

Dereva akaweka kikombe chini.

— Si nilikufundisha? Wakikutajia bei ya mgeni...

— Geuza mgongo, atakuita. Ulinifundisha hapa hapa, ukasimama ukanionyesha na mwendo wenyewe. Wa kwanza nikamgeuzia mgongo, hakuniita. Wa pili, kimya. Nikafika barabara kuu na begi kichwani, najisemea sasa hivi ataita.

— Ulikwenda mbio wewe. Unatakiwa uburute miguu.

— Niliburuta.

— Basi ni viatu! Redio akadakia. Mgeni hujulikana kwa viatu. Umesafiri na viatu vinang'aa kama bwana harusi!

— Viatu wapi, Dereva akasema. Ni shingo. Mgeni anatazama maghorofa juu.

— Nyie hamjui kitu, Redio akasema. Mle ndani ya ndege kuna mtu wao. Anapiga simu: yule wa shati la bluu ana haraka, mkamueni. Wanagawana.

— Tena na rubani yumo! Dereva akaongeza. Kwa nini viwanja vyote viko mbali na mji? Ni mpango huo, teksi zile!

Hapo nikachukia. Mtu kafiwa, wao wanakamata marubani. Nikawaambia wafunge midomo yao au waniachie vikombe vyangu. Fundi hata hakuwa akiwasikiliza.

— Yule wa kwanza, akasema, nilimwambia nina mgonjwa. Akanifungulia mlango. Akasema panda kwanza, tutaelewana.

— Ndio wezi wenyewe hao! Dereva akaruka. Nilikwambia, anayesema panda kwanza, mkimbie!

— Nikamkimbia. Nikaja kupata gari jua limeshapinda. Na tulichokuwa tunabishania, Dereva, hakifiki bei ya kahawa mliyokunywa hapa leo. Shemeji anasema dada aliniulizia mpaka mwisho. Bado hajafika? Bado hajafika?

Redio akainama kutazama tofali.

— Sasa mimi ningejuaje? Dereva akasema. Nilikwambia kwa wema.

— Ulijua kwa sababu ndiyo kazi yako. Wageni unawafanyia hivyo hivyo.

— Na wanangu wale nini?

Nilikuwa nawamiminia tena alipotokea mwanamke mmoja, kakumbatia begi, macho yamemvimba. Kiswahili chake kilikuwa cha mbali.

— Samahanini, ndugu zangu. Kutoka hapa mpaka hospitali kuu, mwenyeji analipa kiasi gani?

Redio akamtazama Dereva. Dereva akatazama teksi yake. Mimi nimezeekea mtaa huu, na naapa bei hiyo siijui, kwa maana nami sijawahi kutajiwa bei moja mara mbili. Fundi akainuka.

— Una mgonjwa?

— Mama yangu.

— Basi panda kwanza, dada yangu. Gari lile pale. Panda, mtaelewana.

Uso wa yule dada ukabadilika. Akalikaza begi kifuani, akageuza mgongo, akaanza kuondoka, anaburuta miguu.

— Mwite, Fundi akasema.

Dereva anapapasa mifuko, funguo hazionekani.

— Mwite basi! Mwite, nakwambia!

Dereva akaita. Maskini, anajua kuita kwa namna moja tu, ile anayowaitia wageni kila siku.

— Sista! Sista mrembo! Njoo, kwako wewe bei ya kirafiki!

Yule dada akakaza mwendo, kisha akakimbia.